9mm, .45 na ukuta wa mabati

Wenye leseni ya bunduki wakija kwetu mafunzo, chai haijamiminwa vizuri mabishano yashaanza, ati kati ya 9mm na .45, hizi risasi za bastola, gani iko na nguvu. Naelewa mbona, namba ni rahisi kubishania. Lakini hiyo namba inakuambia unene wa kichwa cha risasi tu, basi.

Huwa naziweka mbili mezani watu wazishike. 9mm ya kawaida, ile Georg Luger alitoa 1902, kichwa chake ni kama gramu 8 na kinatoka kwa mtutu na mwendo wa karibu mita 360 kwa sekunde, kinapita hata sauti. .45 ya John Browning ni nene, milimita 11 na nusu hivi, karibu gramu 15, lakini inatembea pole, mita 250 na kitu, na sasa ukipiga hesabu ya nguvu unapata zote zinacheza hapo kwa joule 500. Tofauti utaisikia mkononi, .45 inakusukuma zaidi, na magazini inabeba chache. FBI, wale wapelelezi wa Marekani, baada ya kupigana risasi na majambazi huko Miami 1986 walienda risasi ya 10mm, wakaenda .40, halafu karibu miaka 30 baadaye wakarudi kwa 9mm, kwa sababu askari wao walikuwa wanalenga vizuri zaidi nayo na vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa sana.

Hivyo vichwa ndio ningetaka watu waviongelee. Kuna kile kimefunikwa shaba na ncha ya mviringo, hicho hakibadiliki umbo sana kwa hivyo kinaweza kupita mwili na kiendelee na safari. Na kuna chenye shimo kwa ncha, kikiingia mwilini kinafunguka kama ua na mara nyingi kinasimama humo. Mkataba wa Hague wa 1899 ulikataza hicho cha kufunguka vitani, na watu wengi husikia hiyo wanadhani ni marufuku kila mahali, kumbe polisi wa nchi kadhaa wanakitumia mjini ndio kisitoke upande wa pili kimpate mtu hana habari.

Sasa fikiria ploti ya Mukuru ama Kibera hapa Nairobi. Mabati ya geji 30 hayafiki hata nusu milimita. Kwa hayo mabati 9mm, .45, ya shaba, ya shimo, zote zinapita, na ukuta wa pili pia, na hapo nyuma ndio kitanda cha mtoto wa jirani. Nisikilizeni hapa jameni, risasi ya shimo ikikosa mtu haikusaidii chochote kwa mabati, na hata ikipita nguo nzito shimo linaweza kuziba ikaenda kama ile ingine. Mimi mwanafunzi akiniuliza anunue gani namuuliza kwanza kwako ukuta ni wa nini, na nyuma yake nani analala.

Kitu kingine, hilo jina 9mm liko na ndugu wengi. Parabellum, Luger na 9x19 ni risasi moja. Lakini 9mm Kurz, ama .380, ganda lake ni la milimita 17, na Makarov ni 18, na hizo hazibadilishani hata kama kwa macho zinafanana. Geuza risasi usome kitako cha ganda, usiamini boksi, boksi hujazwa tena na mtu yeyote.

Na kama huna leseni halafu umeokota moja kwa mtaro, hata moja tu, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakuhesabia kosa ukiiweka nyumbani. Usiigonge, usiitupe kwa moto wa takataka, usimpe mtoto acheze nayo. Iache hapo, simama karibu watoto wasiishike, na upige 999 ama 112.