Kengele ya parokia yako inaitwa nani?

Kengele nyingi za kanisa zina jina, na mara nyingi jina hilo limeandikwa kwenye kengele yenyewe. Lakini liko juu mnarani, gizani, chini ya vumbi na uchafu wa njiwa, kwa hiyo vizazi hupita waamini wasijue ni nani anayewaita kila Jumapili. Kwetu sisi tunaotunza kumbukumbu za Kanisa, hilo ni pengo kubwa, na ni rahisi kuliziba.

Desturi yenyewe ni ya kale. Mwaka 789 mfalme Karolo Mkuu alipiga marufuku kubatiza kengele, na hakuna anayekataza jambo lisilofanyika. Sakramenti ni za watu. Kengele hubarikiwa tu. Hata hivyo, kwa karne nyingi baraka hiyo ilifanana mno na ubatizo. Askofu aliiosha kengele kwa maji, akaipaka misalaba saba nje kwa mafuta ya wagonjwa na minne ndani kwa krisma, yaani mafuta matakatifu yaliyobarikiwa na askofu, kisha chetezo kikawekwa chini yake hadi moshi wa ubani ukaijaa. Ilikuwa hata na wasimamizi wake, aghalabu wale waliotoa fedha za kuisubu. Siku hizi ibada ni fupi zaidi, lakini majina yamebaki.

Mengi ni ya Bikira Maria, ya mtakatifu msimamizi wa parokia au ya Malaika Gabrieli, ambaye salamu yake husaliwa kengele ya Malaika wa Bwana inapolia. Mengine ni ya wafadhili. Kengele kubwa ya Notre-Dame ya Paris ilitolewa mwaka 1400 na Jean de Montagu, akaiita Jacqueline kwa heshima ya mkewe. Iliposubiwa upya miaka ya 1680 ikawa Emmanuel, na msimamizi wake alikuwa mfalme Louis XIV. Ina uzito wa zaidi ya tani 13 na ingali inalia.

Hapo ndipo historia hupotea. Shaba ya kengele huchanganywa na bati, takriban sehemu nne kwa moja. Bati huipa sauti, lakini pia huifanya iwe rahisi kupasuka. Ikipasuka huyeyushwa na kusubiwa tena, na maandishi ya zamani huyeyuka nayo. Vita navyo vimemeza nyingi. Katika Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilizipanga kengele kwa madaraja kuanzia A hadi D kulingana na umri na thamani yake ya kihistoria; za A, zilizokuwa mpya na zenye thamani ndogo zaidi, ziliyeyushwa kwanza kwa ajili ya silaha.

Basi, kabla fundi hajaigusa kengele yenu, yanakilini maandishi yake. Hakikisheni kwanza mtambo umezimwa na kamba imefungwa. Wekeni karatasi nyembamba juu ya herufi, kisha mpitishe penseli laini kwa ubapa. Jina, mwaka na alama ya aliyeisubu vitajitokeza. Msisugue kwa brashi ya waya wala tindikali. Mkikuta herufi iliyogeuka, N au S kwa mfano, iacheni hivyo hivyo kwenye nakala: msubuji aliibandika kinyume kwenye kalibu, na kosa hilo huweza kutambulisha karakana yake. Nakala moja ibaki pamoja na madaftari ya ubatizo, nyingine ipelekwe jimboni.