Serikali "kusimamia mafunzo" ya wanaokaa na watoto mahabusu, maana yake hasa ni nini?

Kuna sentensi moja utakutana nayo karibu kila ripoti inayohusu watoto waliokinzana na sheria, kwamba "serikali inasimamia mafunzo ya watumishi". Watu wanaisoma wanapita. Naelewa kwa nini, imekaa kiofisi mno, huoni mtu ndani yake. Ila nyuma ya hayo maneno matano kuna mtoto ambaye usiku wa leo yuko nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje, na usalama wake unategemea sana yule mtu mzima mwenye funguo alifundishwa nini, na nani aliyehakikisha kweli alifundishwa. Kwa hiyo ngoja tuifungue hii dhana taratibu.

Tuanze na neno lenyewe maana ndo linalotupoteza. Kusimamia kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni kuendesha, msimamizi ni yule anayepanga kazi na kutoa amri. Hapa sivyo. Anayeendesha mafunzo ni kituo, au chuo, au idara, au mkufunzi aliyekodiwa. Serikali ikisemwa inasimamia maana yake inakaa pembeni kidogo na kuuliza maswali magumu: mmefundisha nini, nani kafundisha, nani hakuwepo, na kilichofundishwa kinaonekana kwenye zamu au kimebaki kwenye daftari? Yaani ni uangalizi wenye meno. Ile ofisi inayofundisha ikijikagua yenyewe hapo hakuna usimamizi, hata kama karatasi zote zimegongwa mhuri.

Na hao watumishi ni akina nani? Wengi wakisikia mfumo wa haki kwa watoto wanawaza hakimu na askari tu. Wamo kweli, wapo waendesha mashtaka, maafisa ustawi wa jamii, maafisa wa probesheni, walimu na manesi, lakini anayekaa na mtoto masaa mengi kuliko wote hao ni mlezi wa zamu, yule anayemwamsha asubuhi, anayekuwepo wakati wa kula, anayefunga mlango usiku. Hakimu anaweza kumuona mtoto dakika 20 kwa mwezi mzima, mlezi wa zamu yuko naye siku nzima, halafu mara nyingi huyu huyu ndo ana mafunzo machache kuliko wote kwenye huo mnyororo. Mimi naona kama kuna sehemu moja ya kuelekeza jicho basi ni hapo.

Chukua saa nane usiku. Mtoto wa miaka 14 kaletwa jana, hajalala, anapiga mlango mateke na kutukana matusi yote anayoyajua. Mlezi ambaye hajafunzwa anasikia utovu wa adabu, anafungua mlango kwa nguvu, anasimama katikati ya mlango, anampandishia sauti, anamshika mkono, mtoto anajirusha nyuma na ndani ya dakika mbili wote wako sakafuni na mmoja wao kaumia. Mlezi aliyefunzwa vizuri kwenye matusi yale yale anasikia woga. Anamuita kwa jina, anasimama upande ili mtoto asijione amezibiwa njia, anashusha sauti mpaka mtoto analazimika kunyamaza ili amsikie, anamuuliza kama anataka maji, anavuta kiti anakaa, maana mtu aliyekaa hatishi kama aliyesimama. Inaweza ikachukua dakika 40. Mtoto ni yule yule na mlango ni ule ule, kilichobadilika ni mafunzo.

Haya mambo hayakuachwa kwenye huruma ya mtu binafsi, yameandikwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 3, unasema nchi zihakikishe taasisi zinazolea au kulinda watoto zinafuata viwango vilivyowekwa na mamlaka, na katika vilivyotajwa kwa jina ni idadi ya watumishi, kufaa kwao, na uangalizi makini juu yao. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Umoja wa Mataifa ulishapitisha Kanuni za Beijing ambazo zinataka kila anayeshughulikia kesi za watoto apate elimu ya taaluma, mafunzo kazini na kozi za kujikumbusha, na polisi wanaoshughulika na watoto mara kwa mara wapewe mafunzo maalum. Halafu mwaka 1990 zikaja Kanuni za Havana zinazohusu watoto walionyimwa uhuru wao, na hizi ndo zimeingia ndani kabisa, kanuni ya 85 inataja saikolojia ya mtoto, ustawi wa mtoto na haki za binadamu kama vitu ambavyo mtumishi lazima afundishwe, na inasema mafunzo yaendelee kwa vipindi katika maisha yake yote ya kazi. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana. Mafunzo ya wiki mbili ulipoajiriwa miaka kumi iliyopita hayakubebi mpaka unastaafu.

Na tusidhani tunaongelea watoto wachache. Utafiti wa kidunia wa Umoja wa Mataifa uliotoka 2019 ulikadiria watoto wasiopungua 410,000 wanashikiliwa kwenye mahabusu na magereza kila mwaka, hapo hujaweka wale wanaoishia vituo vya polisi. Kila mmoja wao ana mtu mzima aliyeshika funguo.

Sasa kazi yenyewe ya kusimamia iko wapi. Mwanzo kabisa ni kuweka kiwango, kuandika kwamba mtu haruhusiwi kukaa peke yake na watoto kabla hajamaliza mafunzo kadhaa wa kadhaa. Hili ni jepesi, linaandikwa ofisini. Linalofuata ndo zito na ndo linaloachwa zaidi, kukagua maudhui, yaani kile hasa kinachofundishwa. Maana watu wanafikiri tatizo ni mafunzo kukosekana, kumbe kuna hatari nyingine, mtu kufundishwa vizuri kabisa kitu kibaya.

Mfano upo na unauma. Mwaka 2004 huko Uingereza mvulana wa miaka 15 alikufa kwenye kituo cha watoto kilichokuwa kinaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa serikali. Alikuwa mdogo wa umbo, alikuwa na siku chache tu pale. Chanzo kilikuwa kidogo mpaka kinatia uchungu, mabishano yaliyoanzia kwenye kusafisha mashine ya kuchomea mikate. Watumishi watatu wakamshikilia akiwa amekaa, kwa mbinu ambayo walifundishwa na ambayo ilikuwa imeidhinishwa kitaifa. Akasema hawezi kupumua. Mbinu ile ilifutwa mwaka ule ule, na uchunguzi wa kifo chake ulipokamilika 2007 jopo likaikosoa mamlaka ya taifa ya haki kwa watoto kwa kutokuangalia ipasavyo usalama wa mbinu zile. Rudia kuisoma hiyo. Pale mafunzo yalikuwepo, lawama ikafika mpaka kwa waliotakiwa kuyasimamia. Yaani kama mkaguzi angeenda siku moja kabla na kuuliza "mmefundishwa?" angejibiwa ndiyo, angeweka tiki, angeondoka.

Ndo maana mimi siamini usimamizi wa kuhesabu vyeti. Cheti kinakuambia mtu alikuwepo ukumbini, basi. Hata rejista za mahudhurio inabidi uzisome kwa macho makavu: ukikuta majina 30 yametiwa sahihi kwa kalamu moja, mwandiko unafanana, na tarehe ni ile ile ambayo ratiba ya zamu inaonyesha nusu ya hao watu walikuwa kazini usiku kucha, ujue hapo limefunikwa kombe. Mkaguzi makini anaweka rejista ya mafunzo mezani pamoja na ratiba ya zamu na kitabu cha matukio, anavisoma vitatu kwa pamoja. Kitabu cha matukio ndo kinaongea kuliko vyote. Kama kituo kimefanya semina ya kutuliza hasira mwezi wa tatu, alafu mwezi wa tano na wa sita idadi ya watoto walioshikwa kwa nguvu haijashuka hata kidogo, kuna kitu hakijaingia, na serikali inatakiwa iulize kitu hicho ni kipi badala ya kuridhika kwamba semina ilifanyika.

Kanuni za Havana zimeenda mbali kwenye hili la nguvu. Kumfunga au kumshikilia mtoto kwa nguvu kuwe kwa hali za kipekee tu, pale njia nyingine zote zimejaribiwa zikashindikana, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, na kanuni ya 65 inataka ubebaji na utumiaji wa silaha kwa watumishi upigwe marufuku kwenye vituo vyote vya watoto. Sasa mtu umemnyang'anya silaha na umembana kwenye kutumia nguvu, ukimwacha bila ujuzi wa kuongea na mtoto mwenye hasira unakuwa umemtupa mtumishi na umemtupa mtoto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mafunzo yanamlinda mlezi pia, na hili nalisema kwa sababu walezi wengi wakisikia ukaguzi wanajua watu wamekuja kuwatafutia makosa.

Marekani nao wana kitu cha kujifunzia. Walitunga sheria mwaka 2003 ya kuzuia ubakaji magerezani, viwango vyake vikatoka 2012 na vinagusa vituo vya watoto moja kwa moja: kila mtumishi anayekutana na watoto afundishwe, kila baada ya miaka 2 arudie, na kituo kitunze uthibitisho, kwa sahihi au kwa kompyuta, kwamba mtumishi ameelewa alichofundishwa. Angalia hilo neno, ameelewa. Halijasema amehudhuria. Viwango hivyo hivyo vinataka kwenye vituo vya watoto vyenye ulinzi mkali mtumishi 1 kwa watoto 8 mchana na 1 kwa watoto 16 wakati wa kulala, na unaweza ukajiuliza idadi inahusiana nini na mafunzo. Inahusiana sana. Kituo chenye watu pungufu hakina wa kumwachia zamu, mlezi akienda kozi siku tatu nani anabaki na watoto? Ndo unakuta mafunzo yanafanywa baada ya zamu ya masaa 12, mtu anasinzia kwenye kiti, jina lake linaandikwa. Serikali inayodai mafunzo bila kuangalia bajeti ya watu wa kushika zamu inadai kitu ambacho yenyewe imekizuia.

Kuna na hili la vituo visivyo vya serikali, vya kampuni au vya mashirika ya dini na hisani. Kazi unaweza kumkabidhi mtu mwingine, wajibu haukabidhiki. Mtoto kapelekwa pale kwa amri ya mahakama, kwa hiyo dola ndo iliyomshika, na sharti la mafunzo linapaswa kuwemo kwenye mkataba wenyewe, pamoja na haki ya mkaguzi kuingia muda wowote na kufungua mafaili ya watumishi.

Kuingia muda wowote ni jambo zito lenyewe. Ukaguzi uliopigiwa simu wiki mbili kabla unakuta sakafu imepigwa deki na walezi wazuri ndo wamepangwa zamu ya siku hiyo. Kanuni ya 72 ya Havana inataka wakaguzi wasiwe chini ya uongozi wa kituo, waweze kufika bila taarifa kwa uamuzi wao wenyewe, na wasizuiliwe kuwaona watumishi wote, watoto wote na rekodi zote. Kwa nchi zilizojiunga na itifaki ya nyongeza ya mkataba dhidi ya utesaji, iliyopitishwa 2002 na kuanza kufanya kazi 2006, kunatakiwa kuwe na chombo cha kitaifa kinachojitegemea kinachotembelea sehemu zote watu wanaponyimwa uhuru, na vituo vya watoto vimo humo. Kisha ripoti itoke, na itoke na masharti, kwamba kituo fulani kina muda fulani wa kurekebisha na wasiofunzwa waondolewe kwenye zamu za peke yao mpaka wafunzwe. Mapendekezo yasiyo na tarehe wala jina la mwenye kuyatekeleza yanaishia kwenye droo.

Na mkaguzi asimalizie ofisini. Kanuni ya 73 inampa kila mtoto haki ya kuongea na mkaguzi kwa siri, bila mlezi kusikiliza mlangoni, na mimi nadhani hapo ndo kipimo cha mafunzo kilipo kuliko kwenye mtihani wowote. Huna haja ya kumuuliza mtoto kama watumishi wana sifa, atajuaje. Muulize tu, siku ile ulipokasirika ukapiga mlango mateke, aliyekuja alikuambia nini cha kwanza, na alikuwa amesimama wapi? Kisha rudi ukamuulize mlezi swali hilo hilo.