Mwenyekiti wa bodi ya chuo hagawi nafasi wala tenda

Kila vyuo anuwai vya umma nchini Kenya vinapojiandaa kupokea wanafunzi wapya, malalamiko kuhusu bodi simamizi hurundikana, na mengi hayaihusu bodi hata kidogo. Mzazi humfuata mwenyekiti nyumbani na matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya mwanawe. Mwenye lori la mchanga humtaka mjumbe wa bodi amsemee kwenye tenda. Mkufunzi wa kandarasi hudai aliahidiwa kazi ya kudumu. Tunaamini wengi huenda huko kwa nia njema, ila wanabisha mlango usio wao.

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Kiufundistadi ya 2013 imeipa bodi kazi ya kusimamia ubora wa mafunzo, mali ya chuo, mpango mkakati, makadirio ya bajeti, karo kwa kufuata miongozo iliyopo, na kanuni za nidhamu. Wajumbe huteuliwa na Waziri wa Elimu. Kwa mujibu wa Mwongozo, yaani kanuni za utawala wa mashirika ya serikali za 2015, mjumbe huhudumu miaka 3, anaweza kuongezwa kipindi kimoja, na ikitimia miaka 6 anaondoka. Bodi nzima hukutana si chini ya mara 4 wala zaidi ya mara 6 kwa mwaka. Basi mjumbe anayeonekana chuoni kila Jumatatu akipekua daftari la mahudhurio ya wakufunzi amevamia kazi ya mkuu wa chuo, hata kama mtaani anasifiwa kwa uchapakazi.

Mamlaka ni ya kikao. Nje ya kikao, mjumbe mmoja hawezi kuagiza hata boksi la chaki.

Tuje kwenye tenda, maana hapo ndipo uvumi ulipo. Idara yenye haja huandika ombi, ofisi ya ununuzi huhakikisha fedha zimo kwenye bajeti, kisha tenda hutangazwa. Kamati ya ufunguzi huwa na watu wasiopungua 3. Kamati ya tathmini ina siku 30, haina nyongeza ya hiari. Mkuu wa ununuzi hutoa maoni yake ya kitaalamu, na mkuu wa chuo, ambaye pia ndiye katibu wa bodi, hufanya uamuzi akiwa afisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa fedha za chuo. Mkataba hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu matokeo kutolewa. Siku hizo ni za aliyeshindwa kukata rufaa kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, nayo huamua ndani ya siku 21. Mwenyekiti wa chuo hamo popote katika mnyororo huu. Tumeeleza hili mara nyingi kiasi kwamba linachosha.

Wapo wanaodhani mjumbe akishatangaza maslahi yake na kutoka chumbani, kampuni yake iko huru kupewa kazi. Siyo. Sheria ya ununuzi ya 2015 inakataza chuo kuingia mkataba na mjumbe wa bodi yake, na hali za kipekee ni chache mno. Mtu akitiwa hatiani kwa makosa ya ununuzi chini ya sheria hiyo, faini hufika Sh4 milioni, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili.

Bodi hupimwa kwa maswali inayouliza kabla ya kupitisha bajeti. Chukua mashine ya kukereza vyuma. Karakana huiomba, bei inalingana na soko, bodi inapitisha. Mashine inafika, inatandazwa turubai na kukaa hivyo, kwa sababu inahitaji umeme wa fezi tatu na karakana ina fezi moja. Gharama ya transfoma haikuwa kwenye makadirio, wala sakafu haikumiminwa zege la kubeba uzito huo. Ununuzi haukuwa na dosari. Kilichokosekana ni mjumbe wa kuuliza itachomekwa wapi. Hesabu za mwaka hufungwa Juni 30 na kufikishwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30, na turubai lile huwa mojawapo ya hoja zake.

Kuhusu ajira, bodi huajiri wakufunzi wa kandarasi na wafanyakazi wa kawaida kwa tangazo na usaili. Walioajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma ni wa Tume. Wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali hupangiwa vyuo kupitia KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi za vyuo, si kupitia mjumbe yeyote. Mwanafunzi anayetaka kufukuzwa lazima apewe notisi, asikilizwe, na apewe sababu kwa maandishi. Bodi ikiruka hatua moja, mahakama inaweza kuubatilisha uamuzi wote.

Mwenye lalamiko aandikie mkuu wa chuo kwanza, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ndipo aandikie bodi kupitia katibu. Anayetaka nyaraka atumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu, na zikipita kimya, apeleke ombi kwa Tume ya Haki ya Utawala akiambatisha ile nakala yenye muhuri.