Pambano la marudiano ni nini, na kwa nini tambo zake hazitabiri matokeo

Pambano la marudiano ni lile linalowakutanisha tena mabondia wawili ambao wameshapigana. Kwa maana ya juu juu ni hilo tu. Ila mpenzi wa ngumi anapolitaja ana jambo zito zaidi moyoni: mara ya kwanza kuna swali lilibaki linaning'inia, na sasa analitakia jibu. Fulani alizidiwa au aliteleza? Ushindi aliupata kwa mikono yake au alipewa na majaji? Pasipo swali la namna hiyo, kukutana mara ya pili hakuna mvuto, hata mikanda yote ya dunia ikiwekwa mezani.

Uzito wa juu ndiko maswali hayo yanakozaliwa kwa wingi. Madaraja mengine yote yana kikomo cha kilo; huku hakuna. Ukishavuka paundi 200, yaani kama kilo 91, unaweza kupangiwa mtu aliyekuzidi kilo ishirini na usiwe na pa kulalamikia. Na kwa miili mikubwa hivyo, konde moja lililotua sawasawa linafuta raundi nane za kazi nzuri. Bondia bora anaweza kulala sakafuni usiku mmoja, na asubuhi watu wakaamka bado wanabishana nani hasa ni bora.

Kabla ya kuingia kwenye ubishi, ijulikane marudiano yanatoka wapi. Mengi hayatokani na kilio cha mashabiki. Yalishaandikwa kabla kengele ya kwanza haijagongwa, katika kipengele cha marudiano: bingwa, au yule mwenye jina kubwa, akipoteza ana haki ya kudai pambano jingine ndani ya muda fulani. Aprili 2001 Hasim Rahman alimzimisha bingwa Lennox Lewis raundi ya tano huko Brakpan, Afrika Kusini. Rahman alipotaka kwenda kupigana na mtu mwingine, Lewis alikwenda mahakamani Marekani, na mahakama ikaamua kwamba marudiano yatangulie. Mei 2021, msuluhishi aliamua kwamba Tyson Fury anadaiwa pambano la tatu na Deontay Wilder, na pambano la Fury na Anthony Joshua, ambalo Fury alikuwa ameshalitangaza, likafa palepale. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema marudiano yamekuja kwa sababu la kwanza lilikuwa na utata, muulize kwanza mkataba ulisemaje.

Sasa tuje kwenye tambo. Kazi ya tambo ni kulifupisha pambano la kwanza hadi libaki picha moja, kisha picha hiyo irudiwe hadi watu wasahau mengine yote. Aliyeshindwa atasema kambi ilikuwa mbovu, alikuwa na jeraha, kocha hakumwandaa. Aliyeshinda atasema safari hii hatamchelewesha mtu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini katika biashara ya ngumi asiyekubali kushindwa ndiye anayeuza tiketi. Siwalaumu mabondia kwa hilo. Mtu aliyezimishwa mbele ya dunia nzima ana haki ya kujipa sababu ya kupanda tena ulingoni. Kosa ni letu tunaposikiliza sababu zake kana kwamba ni utabiri.

Mimi nina swali moja tu ambalo naliona lina uzito kuliko maneno yote ya mkutano wa waandishi: kilichoamua pambano la kwanza, je, kinarekebishika? Na hakuna bondia anayelifafanua vizuri swali hili kuliko Floyd Patterson, maana yeye aliliishi pande zote mbili.

Juni 1959 Patterson alikuwa bingwa wa dunia, na Ingemar Johansson wa Sweden alikuja New York kumpinga. Johansson alikuwa na silaha moja iliyotisha, ngumi ya kulia ya kunyoosha. Raundi ya tatu ilimfikia Patterson, na baada ya hapo ikawa maangamizi: Patterson aliangushwa mara saba ndani ya raundi hiyo moja hadi mwamuzi akasimamisha. Mara saba. Ukiitazama picha hiyo peke yake, utasema huyu mtu asirudi tena kwa yule.

Lakini tazama kilichomwangusha. Alikuwa na kasi kuliko Johansson na mikono yake ilikuwa myepesi zaidi. Alichokosa ni tahadhari dhidi ya ngumi moja inayojulikana, inayotoka upande mmoja unaojulikana. Hilo ni jambo la kufanyia kazi mazoezini. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1960, alimkabili Johansson tena, akaikwepa ile kulia, na raundi ya tano akamtandika konde la kushoto la kuzungusha. Johansson alilala chali hana fahamu, mguu mmoja ukitetemeka wenyewe. Patterson akawa mtu wa kwanza katika historia kuurudisha ubingwa wa uzito wa juu baada ya kuupoteza.

Septemba 1962 huko Chicago alikutana na Sonny Liston. Liston alimmaliza raundi ya kwanza, baada ya dakika 2 na sekunde 6. Wakapanga marudiano, na ungesikia hoja zilezile za Johansson zikirudi: ameshawahi kufanya hivi, anajua kurudi, ana moyo. Julai 1963 huko Las Vegas, Liston alimmaliza tena raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde 10. Mazoezi yote ya miezi kumi, mawazo yote, ahadi zote, vilimwongezea sekunde nne.

Mtu ni yuleyule, moyo ni uleule, dhamira ya kurekebisha makosa ni ileile. Kilichobadilika ni sababu ya kushindwa. Liston alimzidi Patterson kilo kama kumi, na mikono yake ilikuwa mirefu kiasi kwamba alimpiga akiwa mahali ambapo Patterson hawezi kumfikia. Kambi ya mazoezi haiongezi urefu wa mkono. Ndiyo maana nasema moyo si hoja ya kuleta kwenye ubishi wa marudiano: karibu kila anayerudi ana moyo.

Kuna sababu nyingine ya kushindwa ambayo hurekebishika kwa urahisi kuliko zote, nayo ni dharau ya maandalizi. Lewis alifika Afrika Kusini kwa kuchelewa akitokea kwenye shughuli za filamu, akapigana kwenye nyanda za juu ambako pumzi huisha haraka. Miaka yake 35 iliwafanya wengi waseme amekwisha. Novemba 2001 alirudi akiwa mwepesi zaidi, akamzimisha Rahman raundi ya nne kwa ngumi ya kulia. Hakuwa amejifunza mchezo mpya; alikuwa amefanya mazoezi.

Andy Ruiz na Joshua ni sura ya pili ya jambo hilohilo, kwa sababu hapo maandalizi yalibadilika kwa wote wawili, kila mmoja akielekea upande wake. Juni 2019 Ruiz aliitwa kama mbadala, akamwangusha Joshua mara nne na kumvua mikanda raundi ya saba. Desemba walikutana tena Saudi Arabia. Joshua alipanda mzani akiwa na kilo kama 108, baada ya kuwa na 112 mara ya kwanza. Ruiz, aliyekuwa na kilo kama 121, sasa alikaribia 129. Mimi huona kwamba siku ya kupima uzito inasema kweli kuliko miezi yote ya tambo, kwa kuwa mzani haujui kujieleza. Joshua alizunguka ulingo raundi 12, akanyoosha mkono wa kushoto, akaondoka na pointi 118 kwa 110 kwa majaji wawili na 119 kwa 109 kwa wa tatu. Ruiz mwenyewe alikiri baada ya pambano kwamba sherehe za ushindi zilimponza. Waliolilalamikia pambano hilo kuwa halikuwa na msisimko walikuwa wakidai kisasi. Joshua alikwenda kuchukua mikanda yake.

Sare ndiyo inayopotosha kuliko zote. Fury na Wilder walitoka sare Desemba 2018 huko Los Angeles, na picha iliyobaki ni ya raundi ya 12: Fury amelala chali kama maiti, mwamuzi anahesabu, na ghafla anainuka. Mwaka mzima watu walibishana kuhusu mkono wa kulia wa Wilder. Utamkuta tena? Ataamka tena? Wachache sana waliuliza Fury atafanya nini akiwa amekaa ulingoni muda wa kutosha. Maana siku ile alikuwa ndiyo kwanza anarudi baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu nje ya mchezo, akiwa ameyeyusha mwili mkubwa kwa haraka, na hata hivyo raundi nyingi zilikuwa zake. Kabla ya Februari 2020 alibadilisha kocha, akaongeza uzito kwa makusudi, na badala ya kurudi nyuma akaanza kumsukuma Wilder. Bondia anayepiga ngumi nzito huhitaji nafasi ya kutua mguu kabla ya kurusha. Fury aliinyima miguu ya Wilder nafasi hiyo. Wilder alianguka raundi ya tatu, akaanguka ya tano, na ya saba kona yake, yaani wasaidizi wake, ikarusha taulo kukubali kushindwa.

Kuna lile la kichwa, yaani la akili, ambalo siwezi kulipima. Oliver McCall alimsimamisha Lewis raundi ya pili mwaka 1994 jijini London. Waliporudiana Februari 1997, McCall aliacha kurusha ngumi katikati ya pambano, akatembea ulingoni akilia, na raundi ya tano mwamuzi akalikatisha. Hakuna uchambuzi wa mitindo unaofika huko. Alikuwa binadamu mwenye shida kubwa za maisha, na inaniuma kila ninapoona watu wanaitumia picha ile kama kichekesho.

Ushindi wa pointi nao una namna yake. Oleksandr Usyk alimshinda Fury Mei 2024 huko Riyadh kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, akiwa amemfanya ahesabiwe raundi ya tisa. Pengo dogo kama hilo linampa kila mtu ruhusa ya kusema marudiano yataenda upande wowote. Lakini ukilirudia pambano lile utaona Usyk alizidi kulielewa kadiri lilivyosonga. Nusu ya pili haikufanana na ya kwanza. Nami huamini kwamba katika marudiano, raundi za mwisho za pambano la kwanza zina uzito kuliko zile za mwanzo, kwa sababu mabondia huanza walipoishia. Desemba mwaka huohuo Fury alikuja na mwili mkubwa zaidi, na majaji wote watatu wakaandika 116 kwa 112 kwa Usyk.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani atashinda marudiano fulani, mimi huanza na aliyeshinda la kwanza, kisha namtaka anayebisha anioneshe kitu kimoja, kimoja tu, ambacho aliyeshindwa anaweza kukibadilisha na ambacho mwenzake hana dawa yake. Akinitajia hasira, kisasi au jina, nabaki pale pale. Akinitajia mguu, mkono, umbali, pumzi au kocha, tunaanza kuongea.

Mfano wa kitu kimoja kama hicho ni wa zamani. Mwaka 1936 Max Schmeling wa Ujerumani alitazama filamu za mapambano ya Joe Louis, kijana wa miaka 22 aliyekuwa hajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa, akasema ameona kitu. Alichoona ni hiki: Louis akishanyoosha ngumi ya kushoto, mkono ulikuwa unarudi chini, karibu na kifua, badala ya kurudi kwenye shavu. Kwa muda mfupi sana taya ilikuwa wazi. Schmeling alingoja muda huo usiku mzima pale Yankee Stadium, akirusha kulia kila mkono ule ulipozama, na raundi ya 12 Louis akalala.

Miaka miwili baadaye, 22 Juni 1938, waliporudiana kwenye uwanja uleule, dunia nzima ilikuwa imelibebesha pambano hilo mzigo wa siasa za Hitler na Marekani. Zaidi ya watu 70,000 walijaa uwanjani, wengine wengi wakisikiliza redioni. Katikati ya kelele zote hizo, lililokuwa la kuangalia ni mkono wa kushoto wa Louis, kama utarudi juu au utazama. Safari hii Louis hakumpa Schmeling nafasi ya kungoja. Alimfuata tangu kengele ilipolia, mikono juu, akambana kwenye kamba, akamtandika mbavuni hadi watu wa karibu na ulingo wakamsikia Schmeling akipiga ukelele wa maumivu. Schmeling aliangushwa mara tatu. Kona yake ilirusha taulo, na pambano lilikuwa limedumu dakika 2 na sekunde 4.