Damu chini ya ngozi iliyopandikizwa

Ngozi iliyokatwa pajani na kupandikizwa juu ya kidonda cha moto hukaa saa 24 hadi 48 bila damu kupita ndani yake. Huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Baadaye mishipa yake midogo huungana na ya chini, na kati ya siku ya 4 na ya 7 damu huwa inapita.

Oksijeni inaporudi, seli zilizoikosa huzalisha supaoksidi, aina kali ya oksijeni inayodhuru seli, na nyutrofili (chembe nyeupe za damu) zinazoleta uvimbe huongeza nyingine. Kimeng'enya supaoksidi dismutesi huigeuza haidrojeni peroksaidi, kisha vimeng'enya katalesi na glutathioni peroksidesi huivunja peroksaidi hiyo.

Adui ninayemwogopa zaidi ni damu iliyoganda chini ya ngozi. Huzuia mishipa kuungana, hilo kila muuguzi analijua. Lakini pia seli nyekundu zikipasuka huachia hemu, sehemu yenye chuma inayoipa damu rangi nyekundu, na chuma kikikutana na peroksaidi huzaa radikali ya haidroksili, chembe kali inayoharibu seli, ambayo mwili hauna kimeng'enya cha kuizima. Hapa tegemeo ni kimeng'enya hemu oksijenesi-1. Huvunja hemu ikatoa biliverdini, chuma na kaboni monoksaidi kidogo inayotuliza uvimbe. Biliverdini hugeuka bilirubini, nayo huzima radikali. Chuma hufungwa na feritini, protini ya kuhifadhi chuma. Ila seli huhitaji saa kadhaa kukitengeneza kimeng'enya hiki kwa wingi, na donge kubwa hukishinda.

Kwa hiyo zuia damu kabisa kabla ya kulaza ngozi: kandamiza kidonda kwa shashi iliyoloweshwa adrenalini, subiri, kagua tena. Toboa ngozi matundu madogo majimaji yatoke, funga bandeji ya kukandamiza, na kiungo kilichopo karibu kifungwe kisicheze. Bandeji ya kwanza kwa kawaida hufunguliwa siku ya 3 hadi ya 5. Pakinuka au homa ikipanda, fungua leo hii. Donge likionekana mapema, litoe, ngozi bado huweza kushika.

Nyumbani, kwa joto letu la Mombasa, bandeji iliyolowa jasho irudishwe kliniki ibadilishwe. Tafadhali msimimine haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa juu ya ngozi changa: mnaongeza sumu ileile ambayo katalesi inapambana nayo. Sigara na muguka viachwe, kwani nikotini na kathinoni hubana mishipa. Dismutesi huhitaji zinki na shaba, peroksidesi huhitaji seleniamu. Samaki, chaza na korosho vinazo. Vidonge havitaondoa donge la damu.