Bati la geji 28 halipoozi chumba: dhana za joto la nyumba huku kwetu Mtwara

Saa nane mchana ingia kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, panda kiti, inua kiganja bila kugusa kitu. Joto linakufuata kabla hujalifikia bati. Kila Oktoba na Februari jua linatupita utosini, na vijiweni kila mtu anakuwa mtaalamu.

"Weka geji 28, geji 30 ni nyepesi, inaunguza."

Geji ni kipimo cha unene: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Bati zito linadumu, na fundi akilikanyaga halibonyei kirahisi. Kwa joto, halina lake. Ukinzani wa joto, ile R, ni unene kwa mita ukigawanya kwa k, yaani wepesi wa kitu kupitisha joto. K ya chuma ni kama 50. Hata bati la nusu milimita: 0.0005 ÷ 50 = 0.00001. Pamba ya kioo, ile ya nyuzi inayowekwa kati ya bati na dari, ya milimita 50 na yenye k ya 0.04, inatoa 1.25. Ukitaka chuma kifike hapo, kiwe na unene wa zaidi ya mita 60. Kenchi gani itabeba hiyo?

"R-11 ni kumi na moja, popote pale."

Hii ilinipata mwenyewe. Nilinunua bunda la pamba ya kioo limeandikwa R-11, nikalipigia hesabu kama 11 nzima na kumtambia kaka yangu kwamba chumba kitakuwa friji. Kumbe R hiyo ni ya Marekani, inayopimwa kwa futi za mraba na Farenhaiti. Kuileta kwenye mita na Selsiasi unagawanya kwa 5.678: nikabaki na 1.94. Si mbaya, ila si friji.

Halafu fundi akaja. Pamba ilikuwa na unene wa milimita 89, papi zetu ni za inchi mbili kwa mbili. "Mzee, usijali, tunaikandamiza tu inaingia." Ikaingia kweli, milimita 50, na karibu theluthi ya R ikatokea mlangoni. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye nyuzi, ukiminya, unaifukuza.

"U ikiwa kubwa ndiyo nzuri."

Kinyume chake. U ni wepesi wa paa au ukuta mzima kupitisha joto: 1 ukigawanya kwa jumla ya R zote. Zinazojumlishwa ni R. Ukijumlisha U umepotea. Mfano wa paa: pamba 1.25, jipsamu kama 0.05, tabaka nyembamba za hewa zinazoshikamana na paa ndani na nje 0.21. Jumla 1.51, U yake 0.66. Kubadili U ya Kimarekani, hapo unazidisha kwa 5.678, hugawanyi. Wengi wanajikwaa hapo.

Rangi nyeupe juu ya bati je? Inasaidia sana, ila hutaiona kwenye R. Inarudisha mwanga wa jua kabla haujawa joto.

"Nyumba za kale za Mikindani zina R kubwa, kuta zake nene."

Tuseme jiwe lina k ya 1 na ukuta ni sentimita 45: R ni 0.45, chini ya nusu ya ile pamba ya milimita 50. Ukuta ule hauzuii joto, unalichelewesha. Mchana unalimeza taratibu, usiku unalitoa. Ndiyo maana saa tatu usiku ukiegemea ukuta uliopigwa na jua la jioni, mgongo unapata moto, na wenyewe wako barazani na mkeka wao.