Umeme wa moyo hautoki ukutani

Juzi mzee mmoja wa Mbagala alivua shati, akalala kitandani, akazitazama waya kumi za kupimia moyo ninazombandika kifuani, mikononi na miguuni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari mwanangu, huo umeme mtanipiga kwa nguvu gani?"

"Hatukupigi, mzee wangu. Leo wewe ndiye unayetoa umeme, mashine inapokea tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo foleni ya nje ya mlango haikuniruhusu kulijibu: "Mimi umeme nimeutoa wapi?"

Nalijibu hapa, na nitaanzia buchani.

Ninapokuwa na wanafunzi, hupita bucha moja Buguruni asubuhi kununua moyo wa ng'ombe. Muuzaji ameshanizoea, huniwekea mzima bila kuukata. Ukipasua chumba cha chini cha kushoto, yaani ventrikali, utaona ukuta mnene wa nyama uliofunikwa na utando laini unaong'aa. Chini ya utando huo, ukiusogeza kwenye mwanga wa dirishani, kuna nyuzi za rangi hafifu zinazotawanyika kama mizizi ya mchicha uliooshwa. Nyuzi hizo alizieleza Jan Purkyně mwaka 1839, alipokuwa akichunguza mioyo ya kondoo. Wanafunzi wengi huzipita bila kuziona. Mimi huwarudisha hadi wazione, kwa sababu ndizo njia kuu za umeme.

Panda juu, pale mshipa wa aota unapoanzia. Kisu kinagonga kitu kigumu. Ni mfupa. Ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, na muuza bucha aliujua miaka mingi kabla yangu. Sisi binadamu mahali hapo tuna pete za nyuzi ngumu. Pete hizo hushikilia vali zinazozuia damu isirudi nyuma, lakini zina kazi nyingine ninayoipenda zaidi: hazipitishi umeme. Umeme wa vyumba vya juu haushuki chini ovyo, una mlango mmoja tu.

Sasa kata kinyama kidogo kuliko punje ya mchele, ukiweke chini ya hadubini. Seli za moyo zina mistari kama za msuli wa paja, ila nyuzi za paja ni ndefu, zimenyooka, na kila moja husubiri amri ya neva yake. Seli ya moyo ni fupi, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tena ina matawi. Ncha yake imeshonwa kwenye ncha ya mwenzake. Mshono huo una vifungo imara vinavyozuia seli zisiachane kila moyo unapojikaza, na una vijia vidogo mno ambamo chumvi hupita kutoka seli hadi seli. Seli moja ikiwaka, jirani naye anawaka. Maabara zimewahi kuzitenganisha seli za moyo mchanga na kuzilaza kwenye sahani: kila moja ilidunda kwa mwendo wake, na zilipokua zikagusana, zikaanza kudunda pamoja. Hakuna ubongo pale, hakuna neva.

Kuhusu chumvi. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na pampu za kwenye utando hazichoki: hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili. Seli ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 90. Betri moja ya rimoti ni milivolti 1,500, kwa hiyo ni umeme mdogo sana. Seli inapowaka, sodiamu huingia kwa kishindo, kazi ya kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Neva ingeishia hapo na kujizima. Moyo hufanya tofauti: kalsiamu huanza kuingia polepole na kuishikilia seli ikiwa imewaka, kisha potasiamu hutoka na kuituliza. Yote huchukua karibu sekunde 0.3.

Urefu huo wa muda ndio uhai wenyewe. Ukishabanwa na msuli wa mguu usiku, unajua msuli unavyoweza kukaza na kukataa kuachia. Seli ya moyo haiwezi kukazwa hivyo, kwa sababu ikishawaka haikubali kuwashwa tena mpaka iwe karibu kulegea. Katika kulegea huko moyo hujaa damu.

Kazi ya kalsiamu iligunduliwa kwa kosa. Mwaka 1882 daktari wa London, Sydney Ringer, aliweza kuufanya moyo wa chura uliotolewa mwilini uendelee kudunda ndani ya maji ya chumvi. Baadaye akabaini kwamba chumvi zile zilikuwa zimechanganywa na maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika ukasimama. Mwaka 1883 akajisahihisha hadharani: kalsiamu iliyokuwa kwenye maji ya bomba ndiyo iliyouendesha. Namheshimu kwa kusahihisha kwake kuliko kwa ugunduzi.

Safari yenyewe ya umeme ni fupi. Huanzia kwenye kifundo cha seli kilichoko juu kulia, kinachojiwasha chenyewe mara 60 hadi 100 kwa dakika, ikaenea vyumba vya juu, ikafika kwenye mlango nilioutaja. Pale umeme hukawia kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili damu ya juu ipate kushuka. Njia hiyo ilichorwa vizuri na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906. Kisha nyuzi za Purkyně huusambaza kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na ventrikali zote mbili hukaza karibu kwa pamoja.

Basi mzee wangu, umeme wako umeula. Umo kwenye chumvi ya mboga, maziwa, dagaa, ndizi. Figo ndizo zinazopima kiasi gani kibaki.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mama mmoja aliyeletwa Februari, joto la Dar likiwa limepamba moto. Figo zake zilishashindwa, husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wiki hiyo alikuwa ameruka siku moja. Alilalamika miguu kuishiwa nguvu. Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ilipotoka, wimbi la mwisho la kila pigo, ambalo kwa kawaida ni kilima cha mviringo, lilikuwa limesimama na kuchongoka kama hema, na mchomo wa katikati umetanuka. Potasiamu ilikuwa imejaa nje ya seli, seli zinashindwa kutulia, umeme unajikokota.

Tulimchoma kalsiamu mshipani taratibu. Waya tuliziacha kifuani. Ndani ya dakika chache, karatasi ikiendelea kutoka, nikaona mchomo unajikusanya na kuwa mwembamba tena. Kalsiamu haikuwa imeondoa potasiamu hata chembe. Ilituliza utando wa seli tu, ikatupa nafasi ya kumpa insulini na sukari ili potasiamu irudi ndani ya seli, kisha akapelekwa kusafishwa damu.

Alipopata nafuu nikamuuliza amekula nini.

"Sijala, daktari, hamu sina. Nimekunywa madafu tu, matatu. Si maji yale?"

Kote alikotibiwa hakuna aliyewahi kumtajia madafu. Walimkataza chumvi, na yeye alitii. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi sana, na kwa mwenye figo nzima hayana neno, hupita. Kwake yeye hayakuwa na pa kupitia.

Nilichukua kadi yake ya kliniki, nikaandika kwa herufi kubwa: MADAFU HAPANA. Chini yake ndizi na parachichi. Tangu siku ile, mgonjwa wa figo akilala kwenye kile kitanda, namuuliza habari za madafu kabla sijambandika waya wa kwanza.